Mgema Aliyepiga Hodi kwa Wimbo

Shule niliiacha darasa la pili, nimeshajua kuandika jina langu na la baba yangu, basi. Lakini majina ya watu sijapata kuyasahau. Niulize nani alikaa benchi gani katika kanisa letu la makuti, baina ya Mambrui na Gongoni, miaka ile watoto walipokuwa wakiletewa maziwa ya pakiti shuleni, nami nitakutajia mmoja mmoja. Mbele Mzee Charo, mzee wa kanisa, na upara wake. Nyuma yake Bi Kadzo, shoga yangu, mwenye kicheko cha kuamsha wagonjwa. Hata mbwa wa Mzee Charo aliyelala mlangoni wakati wa mahubiri namkumbuka. Aliitwa Tutaonana.

Benchi la mwisho, upande wa mlango, alikaa mtu mmoja peke yake. Jina lake nalijua pia. Silitaji kwa sababu mwenyewe hakulipenda vinywani mwa watu. Alikuwa akisema, "Jina langu analo mama yangu. Ninyi mnayo kazi yangu, yawatosha." Tukamwita kwa kazi yake: Mgema.

Kazi yenyewe ni ya kupanda mnazi, kulikata panda lake la maua kwa kotama, kisu cha wagema, kulitundikia kibuyu, na kurudi baadaye kuteka tembo lililodondoka. Mara tatu kwa siku, mnazi baada ya mnazi. Na hapa nikueleze neno moja ulishike, litatufaa mbele. Sisi Wagiriama tembo hilo twaliita uchi. Ndiyo, uchi. Mgeni akisikia hufunika mdomo, lakini kwetu ukisema mtu ana uchi, humvui nguo. Wasema ana kinywaji.

Sasa, mtu wa kazi hiyo kanisani! Alikuwa akinuka tembo tangu kola hadi kandambili. Akitembea alikuwa akiyumba, hatua moja njiani, moja majanini. Nami nilikuwa mama kijana, mume wangu akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Marereni na kurudi Jumamosi kwa Jumamosi, na uongofu wangu ulikuwa mbichi, wa kuchoma kama pilipili. Nikimwona Mgema anakuja nilimvuta mwanangu Karisa kando, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Mpishe mlevi, asije akakuangukia." Yeye alikuwa akinyanyua kofia yake na kusema, "Asante mama, njia ni nyembamba leo." Nikapiga magoti kila siku kumwombea aache pombe. Miaka minne. Nilikuwa naona Mungu anachelewa.

Kulikuwa na jambo jingine lililotukera. Kila alipofika chini ya mnazi, kabla hajaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, aliimba. Na si nyimbo za ngoma. Aliimba wimbo wa ibada, ubeti mzima, kwa sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mzee Charo alisema huko ni kumchezea Mungu. Bi Kadzo alisema, "Mungu atastahimili, masikio yangu ndiyo hayawezi."

Siku moja Bi Kadzo akamuuliza uso kwa uso. "Wewe Mgema, wakwezi wengine hupiga mluzi. Wewe kwa nini wamsumbua Mwenyezi Mungu?"

"Mama, unaogea wapi?"

"Haya nayo! Yakuhusu nini?"

"Unaogea kwenye ua wa makuti usio na paa. Mimi nikiwa juu naona kila kitu hadi Gongoni. Lazima nipige hodi kabla sijapanda, uwahi leso yako. Nikipiga mluzi, utatoka uone nani anakuita. Nikiimba wimbo wa kanisa, utakimbia kujifunika. Nimejaribu vyote viwili."

Bi Kadzo alikuja kwangu mbio kunisimulia, akicheka na kujishika mbavu. Nami nilicheka, kisha nikasema, "Maneno ya mlevi hayo." Ndivyo nilivyokuwa. Jambo jema likitoka kwa mtu ambaye nimeshamweka kwenye kapu lake, nililitafutia njia liingie kwenye kapu hilo hilo.

Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa madafu kuliko tumbili. Kwenye bao aliiba kete mbele ya macho yako, na ukimshika alisema zimehama zenyewe. Alivuta ugoro akapiga chafya katikati ya sala, mpaka Tutaonana akaamka. Na huyo mtu wa kupanda mnazi ulioinama na upepo, siku tuliyobadilisha makuti ya paa la kanisa alikataa katakata kupanda ngazi.

"Waogopa ngazi, wewe?" Mzee Charo akamcheka.

"Mnazi ameutengeneza Mungu," akajibu. "Ngazi ameitengeneza Kahindi. Kahindi namjua."

Kahindi fundi alikuwa pale pale ameshika ngazi yake. Aliipanda kwa hasira kuonyesha watu, na kidato cha tatu kikavunjika.

Tembo hakunywa. Hilo alilisema mwenyewe na hakuna aliyemwamini. Vijana walimwuliza, "Mgema gani asiyeonja?" Akasema, "Anayeuza sanda huijaribu?" Na juu ya sisi watu wa kanisa alikuwa na neno lake: "Kutoka juu ya mnazi naona vichwa tu. Sijui kipi cha mwokovu, kipi cha mpotevu. Ila cha Mzee Charo, hicho hung'aa."

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha, nalo ni ubatizo. Alikaa darasa la ubatizo miaka sita. Majibu yote aliyajua kuliko mwalimu. Kila Pasaka ilipokaribia, wazee walimwambia, "Acha ugema kwanza." Aliwauliza watoto wake wale nini, wakamwambia Mungu atatoa. Akasema, "Ameshatoa. Ametoa minazi." Basi jina likafutwa, naye mwaka uliofuata akaanza tena ukurasa wa kwanza na watoto wa darasa la nne. Alikuwa akiinua mkono kama wao.

Kisha akaja Mchungaji Elijah kutoka bara. Kijana mrefu, Kiswahili chake cha haraka, suruali imepigwa pasi hata siku ya mvua. Akakuta jina la Mgema, akasema, "Yule mtoza ushuru mfupi alipanda mkuyu, Yesu akamwita ashuke. Hakumwuliza mti wa nani. Pasaka hii tutambatiza." Mzee Charo akanuna. Mgema alinunua shati jeupe, akalitundika ukutani, hakulivaa. Mkewe alisema alikuwa akiamka kulitazama.

Sasa niingie mimi, na aibu yangu.

Baada ya ibada ya Jumapili palikuwa na chai na vitumbua, na vitumbua ni mimi niliyevipika kwa niaba ya Umoja wa Akina Mama. Sijisifu, lakini watu walikuja kutoka Gongoni kuomba wokovu kwa ajili ya vitumbua vile. Vilikuwa vyepesi, vimetoboka ndani kama sega la nyuki. Siri yake nilipewa na mavyaa wangu, mamaye mume wangu, Bi Sidi, Mungu amrehemu. Mchele uliorowekwa na kutwangwa, tui, iliki, na badala ya hamira ya duka, kikombe cha tembo tamu lililotekwa alfajiri, kabla jua halijalichachua.

Ndiyo. Kanisa zima lilikuwa likiumuliwa na Mgema.

Kila alfajiri ya Jumamosi nilikwenda kwake, kibuyu kidogo chini ya leso. Nilimpa mfuko wa chumvi aliyoleta mume wangu, naye akanijazia. Hatukuzungumza. Yeye hakuuliza ni ya nini, nami nilionea haya kumwambia. Kisha nikarudi nyumbani, nikamwaga tembo kwenye unga, nikapiga magoti nikamwombea yule mlevi. Hayo yote kwa asubuhi moja, na sikuona tatizo lolote.

Bi Kadzo alikuwa akijua. Mchungaji hakujua. Na Mgema mwenyewe hakujua, maana hakuwahi kula kitumbua hata kimoja. Alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho kwa sababu minazi ya mchana ilikuwa ikimngoja. Sisi tuliokuwa tukimtazama mgongo tulisema, "Huyoo, koo limemkauka."

Wiki tatu kabla ya Pasaka, bibi mmoja mgeni, Bi Nyevu, aliyehamia kwetu kutoka Vitengeni, akaniona alfajiri ya Jumamosi. Bi Nyevu hakuwa na ubaya. Alikuwa ameokoka majuzi tu, na aliyeokoka majuzi hupenda kusaidia. Akaenda kwa Mchungaji Elijah, akamwambia kwa Kiswahili chake cha Kigiriama:

"Nimemwona Mama Karisa alfajiri akitoka kwa Mgema na uchi, ameuficha ndani ya leso."

Mtu wa pwani angeuliza kibuyu kilikuwa kikubwa kiasi gani. Mchungaji Elijah alikaa chini.

Niliitwa kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, chumba cha nyuma. Alikuwapo Mchungaji, Mzee Charo, na Mgema, ambaye kwa mara ya kwanza alizuiwa asitoke mapema. Katikati ya meza palikuwa na sahani ya vitumbua vyangu. Mchungaji alikuwa na nusu ya kitumbua mkononi, amesahau kukila.

"Mama Karisa," akasema, "umeonekana ukitoka kwa mwanamume huyu alfajiri bila nguo."

Neno uchi mwenyewe hakulitamka, alilionea haya. Lau angelitamka, Mzee Charo angecheka na mambo yangeisha. Lakini alisema bila nguo, na Mzee Charo akainua nyusi kwa mshangao hadi upara ukakunjana.

"Bila nguo mimi? Nilikuwa na leso mbili!"

"Basi ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulifuata nini kwake alfajiri, mumeo akiwa Marereni?"

Nikafungua mdomo. Nikakitazama kitumbua mkononi mwake. Nikisema tembo, Umoja mzima umekwisha, na mimi niliyesimama mbele ya watu kulaani tembo nimekwisha wa kwanza. Nikaufunga mdomo.

Mchungaji akamgeukia Mgema. "Sema wewe. Alifuata nini?"

Mgema aliniangalia. Sikuwahi kuangaliwa vile, kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akasema, "Aliniletea chumvi."

"Chumvi? Alfajiri?"

"Mchungaji, mboga ya kwenu hutiwa chumvi saa ngapi?"

"Usinichezee. Ukweli wote, au jina lako halitabaki kwenye orodha."

Mgema akaishika kofia yake kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Kama kuna kosa, liandike kwangu. Mwache mama wa watu aende akalale. Ana mzigo wake."

Sikuelewa mzigo gani. Nilijua tu kwamba Mchungaji alichukua kalamu, akalifuta jina, na ilikuwa mara ya saba. Nami nilisimama pale na leso zangu mbili na nisiseme neno. Mgema akatoka. Nikamsikia mbali kidogo akianza wimbo wake chini ya mnazi, na ubeti haukufika mwisho.

Bi Kadzo ndiye aliyekwenda kumbana Bi Nyevu. Alirudi amekaa chini njiani mara mbili kwa kicheko. "Kasema uchi! Uchi wa mnazi! Naye Mchungaji kakuvua nguo!" Tukacheka mpaka machozi. Kisha tukanyamaza wote wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu lile shati jeupe lilikuwa bado liko ukutani.

"Nenda ukamwambie Mchungaji," Bi Kadzo akasema.

"Nitakwenda."

Sikwenda. Wiki ya kwanza nilikuwa na homa. Ya pili homa ilikuwa imeisha, na sikwenda vilevile. Lakini kwa Mgema niliogopa kuonekana tena, kwa hiyo kwa Pasaka nikanunua hamira ya duka.

Ah, vitumbua vile! Ungempiga mwizi kwa kimoja angekiri na makosa ya nduguye. Wachungaji wageni walikuwapo kutoka Malindi, wamesikia sifa. Mmoja aliuma, akatoa, akakitazama, akakirudisha sahanini taratibu kama anayelaza mtoto. Tutaonana alirushiwa kimoja, akakinusa, akaondoka.

Mchungaji Elijah akacheka mbele ya wageni. "Mama Karisa, leo vipi? Vitumbua vyetu vya zamani viko wapi?"

Sijui nani alinisukuma kusimama. Labda ni lile benchi la mwisho, ambalo lilikuwa tayari tupu.

"Umevifukuza, Mchungaji," nikasema.

"Nimevifukuza?"

"Umevifuta jina. Vitumbua vile vilikuwa vikiumuliwa na tembo la Mgema. Hicho ndicho nilichofuata alfajiri. Nilikuwa na nguo zangu zote. Nilipaswa kusema siku ile, nikanyamaza, naye akabeba."

Mchungaji Elijah akaitazama sahani ya vitumbua. "Yaani… mwaka huu mzima, kila Jumapili, mimi nimekuwa nikila…"

"Uchi, Mchungaji," Bi Nyevu akamsaidia kwa upole kutoka benchi la tatu.

Bi Kadzo ndiye aliyeanza. Kisha paa lote la makuti likatikisika kwa kicheko. Mzee Charo alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Akapigwa mgongoni, na alipopata pumzi akasema, "Nami nimekula vinne kila wiki na kulala vizuri."

Mchungaji yule nilikuwa nimemweka kwenye kapu lake pia: mtu wa pasi, mtu wa kalamu. Basi siku ile ile, na jua lile la saa nane, alikwenda na suruali yake iliyopigwa pasi hadi chini ya mnazi, tukamfuata. Akainua uso, akaita, "Mzee, shuka! Nimekuja kuomba radhi."

Sauti ikatoka juu: "Ngoja nimalize panda hili. Na mkitazama juu, mtaingiwa na vumbi machoni."

Alibatizwa Pentekoste, baharini, upande wa Mambrui. Lile shati jeupe lilimbana kidogo. Kaptura ilipolowa na kumgandama ndipo nilipoiona nyonga yake: imeingia ndani kama bakuli. Akaniona nikitazama.

"Hapo ndipo nilipolewa, mama," akasema. "Nikiwa na miaka ishirini niliangushwa na mnazi, na tangu hapo sijasimama sawa."

Miaka minne nilikuwa nikimvuta Karisa kando kwa ajili ya nyonga.

Miaka haikupita mingi akaacha kupanda. Nyonga ilikataa, akarudi kwa watu wake Vitengeni. Kabla muongo ule haujaisha, nilikwenda huko kwenye harusi ya mpwa wake Bi Nyevu, nikamchukulia vitumbua kwenye kikapu. Nilimkuta amekaa nje kwenye kitanda cha kamba, macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani huyo? Sauti naijua."

"Mama Karisa. Wa chumvi."

Akacheka, akanikaribisha. Nikamwekea sahani mapajani. Akachukua kimoja, akakivunja, akakinusa, akatia mdomoni. Akatafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna.

"Hiki kina tembo."

"Kina tembo, baba. Kama siku zote."

"Si la alfajiri," akasema. "Mgema wenu wa sasa mvivu, hapandi mpaka jua litoke." Akatafuna tena, akatikisa kichwa. "Kumbe ilikuwa kweli!"

"Kweli nini?"

"Vitumbua! Mchungaji aliniambia siku ile ni mambo ya vitumbua. Nikasema moyoni, maskini, mama yule amemdanganya hata Mchungaji."

"Nimdanganye nini?"

Akafuta mdomo, akaonea haya kidogo, mzee mzima. "Mama, usinikasirikie. Mwanamke kijana, mume yuko Marereni wiki nzima, kila Jumamosi alfajiri anakuja na kibuyu chini ya leso, haongei, haniangalii usoni. Ningedhani nini? Nilijua wewe ni mlevi."

Leso ikanidondoka begani.

"Siku ile chumbani nilisema afadhali lifutwe jina langu," akasema. "Mimi nimezoea. Wewe ungeaibika na mtoto mdogo. Nami nilikuwa nimekuombea tangu mwanzo. Kila nilipopanda mnazi ule wa karibu na kwako nilikutaja: Bwana, mwangalie yule mama mlevi."

"Na mimi," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa haijui kama inacheka au inalia, "nilikuombea wewe, miaka minne, kwa magoti. Bwana, mwangalie yule mlevi."

Kitumbua kilisimama njiani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Maskini Mungu," akasema. "Miaka minne anatafuta walevi wawili kijiji kile, asiwaone."

Akala kitumbua chake chote, akanyoosha mkono kutafuta sahani, akaomba kingine.